KUUZUIA UDONGO MAHALI PA UJENZI

1. Nchi ya Mara na maji yake

Mji wa Musoma umekaa juu ya rasi iliyoingia katika Ziwa Viktoria, na maji ya ziwa huuzunguka pande nyingi. Msafiri atokaye Musoma kwa njia kuu iendayo Mwanza hufika Bunda, mji uliojengwa chini ya vilima. Na katika njia hiyo hiyo, kabla ya kufika Bunda, iko njia panda ya Makutano Juu. Akigeuka hapo kwenda mashariki hufika Butiama, mahali alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na alipozikwa mwaka 1999.

Nchi hizi hazifanani kwa sura, lakini jambo moja huziunganisha: maji ya mvua yaangukayo huku hutafuta bonde, bonde hutafuta mto, na mwisho wa safari ni ziwa.

Mvua za nchi ya Mara huja mara mbili kwa mwaka. Za vuli huja kama mwezi wa Oktoba hata Desemba, na za masika huja mwezi wa Machi hata Mei. Watu wajengao hupenda kuanza kazi wakati wa ukavu, maana njia hupitika na matofali hukauka upesi. Lakini mara nyingi mvua huja na kazi haijakwisha.

Katika miaka hii ujenzi umekuwa mwingi. Nyumba zajengwa, na madarasa, na zahanati. Njia ya lami imejengwa kutoka Makutano Juu kupita Butiama kuelekea Nata. Mabomba yamefukiwa ardhini ili maji ya ziwa yatoke Mugango yafike Kiabakari na Butiama. Kazi hizi zote ni baraka kwa watu. Lakini kila ujenzi huanza kwa kuivua ardhi nguo yake. Na nguo ya ardhi ni majani. Ardhi iliyovuliwa nguo haina kinga mbele ya mvua, na udongo wake huchukuliwa na maji. Kuchukuliwa huko ndiko kuitwako mmomonyoko.

Watu wengi wakisikia neno hilo hufikiri habari za mashamba na ng'ombe tu. Yafaa wajue na jambo la pili. Huko Marekani, katika nchi iliyo karibu na mji wa Baltimore, mtaalamu mmoja jina lake M. Gordon Wolman alieleza mwaka 1967 jinsi udongo ulivyochukuliwa na mito zamani za kilimo, na wakati wa kujenga miji, na baada ya ujenzi kwisha. Wakati uliozidi nyakati zote kwa kupoteza udongo ulikuwa ule wa ujenzi. Nyumba na njia zilipokwisha, udongo ukapungua tena mitoni. Basi wakati wa hatari ni mfupi. Huanza siku majani yang'olewapo, na hudumu mpaka yatakapoota tena. Mjenzi mwenye akili huuchunga wakati huo kama mchungaji achungavyo kundi lake usiku.

2. Tone moja na mapipa mengi

Tone kubwa la mvua huanguka kwa mwendo wa meta 9 hivi kwa sekunde moja. Likianguka juu ya majani, majani hulipokea, na maji yake hushuka chini taratibu. Likianguka juu ya udongo mtupu, hupasuka, na chembe za udongo huruka pande zote. Angalieni ukuta mweupe wa nyumba isiyo na majani pembeni yake, baada ya mvua kubwa. Sehemu ya chini ya ukuta ina madoa ya udongo. Hakuna mtu aliyeyapaka. Ni kazi ya matone.

Chembe zikiisha kuruka huziba vijitundu vya ardhi, na ardhi hainywi tena maji kama kwanza. Ndipo maji huanza kutiririka. Kwanza huenda kama kitambaa chembamba juu ya ardhi. Kisha hujikusanya katika vijifereji vyembamba kama vidole. Na mwisho vijifereji huungana kuwa korongo. Maji yakienda mwendo mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Kwa hiyo mteremko mkali una hatari, na mteremko mrefu una hatari, na mteremko ulio mkali na mrefu pamoja una hatari kupita yote.

Sasa fanyeni hesabu. Kiwanja kina urefu wa meta 30 na upana wa meta 20; eneo lake ni meta za mraba 600. Mvua ya milimeta 1 ikianguka juu ya meta ya mraba 1 huleta lita 1 ya maji. Basi mvua ya milimeta 40 huleta katika kiwanja hicho lita 24,000, yaani mapipa 120 ya lita 200. Na maji hayo yakichukua udongo wa unene wa milimeta 1 tu, yatakuwa yamechukua lita 600 za udongo, yaani matoroli 10, ikiwa kila toroli huchukua lita 60.

Mwenye kiwanja hataona kwa macho kwamba ardhi yake imepungua milimeta 1. Lakini jirani akaaye chini ataona matoroli 10 ya tope mlangoni pake.

3. Wajenzi wawili

Katika Injili imo habari ya watu wawili waliojenga nyumba, mmoja juu ya mwamba na mmoja juu ya mchanga. Na mafuriko yalipokuja, nyumba ya mchangani ilianguka. Katika mfano huo mjenzi asiye na akili alipata hasara yeye mwenyewe. Lakini yawezekana mtu kujenga juu ya mwamba, na nyumba yake ikasimama imara, na huku maji ya kiwanja chake yakaharibu mali ya mwingine. Mfano ufuatao waonyesha jambo hilo.

Watu wawili walipata viwanja vilivyopakana katika mteremko wa kilima, nchi kama ile iliyo juu ya mji wa Bunda. Chini yao alikaa mama mmoja mzee, mjane, mwenye nyumba ndogo na bustani ya mchicha, na kisima kifupi ambacho marehemu mumewe alikichimba.

Mtu wa kwanza alikuwa na haraka. Mwezi wa Februari alikodi tingatinga, akafyeka na kukwangua kiwanja chote toka mpaka hata mpaka, ijapokuwa nyumba yake ilihitaji nusu tu. Udongo uliotoka katika msingi aliurundika upande wa chini, karibu na mtaro wa njia. Na mchanga alioununua akaumwaga papo hapo.

Fundi wake, mwashi mwenye mvi, akamwambia, "Bwana, mwezi wa tatu u karibu. Heri tuchimbe kwanza mfereji wa kugeuza maji pale juu, kisha tuendelee na msingi."

Yule mtu akajibu, "Mzee wangu, nyumba ikiisha hakuna atakayeuona mfereji. Fedha niliyo nayo ni ya matofali."

Fundi akanyamaza, akashika sururu yake.

Mvua ya kwanza ya masika ikaja usiku, kwa upepo na radi. Asubuhi mwenye kiwanja alikuta handaki la msingi limejaa maji na kuta zake zimebomoka. Rundo la mchanga lilikuwa limebaki nusu. Mtaro wa njia ulizibwa, na maji yalipokosa mahali pa kupita yakaikata njia yenyewe. Alipokuwa akitazama hayo, akamwona yule mama mzee akipanda kilima taratibu kwa fimbo yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuambia habari za mgeni wako."

"Mgeni gani, mama?"

"Udongo wako. Ulikuja kulala kwangu jana usiku, wala haukubisha hodi. Umelala juu ya mchicha wangu, na mwingine umelala kisimani. Tuma vijana waje wauchukue, na mchanga wako umo ndani yake. Mimi sina nguvu za kuutoa."

Yule mtu aliona haya, akashuka pamoja naye. Akakuta tope limefika kizingitini pa nyumba, na maji ya kisima yamekuwa mazito, rangi ya tofali. Basi akawaajiri vibarua wakakitoa tope kisima, wakazibua mtaro. Akanunua mchanga mwingine, na msingi ukachimbwa mara ya pili. Alipoandika gharama zote katika daftari, aliona zimepita mara nyingi gharama ya ule mfereji alioukataa. Na mchicha wa mama haukurudi msimu ule.

Mtu wa pili hakuwa tajiri kuliko wa kwanza. Lakini kabla ya kupiga jembe lolote la msingi, alichimba mfereji upande wa juu wa kiwanja, ili maji ya kilimani yapite kando. Alifyeka mahali pa nyumba na njia ya kuingilia tu. Upande wa chini aliacha ukanda wa majani wenye upana wa meta 5, na juu yake akapanga mstari wa mawe. Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, aliuweka peke yake, akaufunika kwa majani makavu. Mchanga aliuweka mahali palipo tambarare, akaufunika kwa turubai.

Mvua ilikuwa ile ile, usiku ule ule, mteremko ule ule. Lakini upande wake maji yalishuka kwa mama mzee machache, nayo yalikuwa karibu safi.

4. Mambo yapasayo kufanywa

Jambo la kwanza ni kuchagua wakati. Kazi ya kusawazisha ardhi na kuchimba misingi ifanywe katika miezi mikavu, na ianze mapema, ili mvua ikute kuta zimesimama na mashimo yamefukiwa.

Jambo la pili ni kufunua ardhi kidogo kidogo. Mahali pasipohitajiwa leo pasifyekwe leo. Mti usiozuia ukuta uachwe, maana mizizi yake ni kamba za kushika udongo, na mtu hazinunui.

Jambo la tatu ni kuyageuza maji yatokayo juu. Mfereji wa kugeuza maji hauchimbwi kushuka mteremko, bali huukata mteremko kwa ubavu, ukishuka kidogo sana. Yatosha ushuke nusu meta kwa kila meta 100. Ukishuka sana, mfereji wenyewe utakuwa korongo. Tena mwisho wake uwe mahali penye majani mengi au mawe, wala usielekezwe katika ua wa jirani. Kumpelekea jirani maji si kuyazuia.

Jambo la nne ni kufunika. Majani makavu, mabua ya mahindi, matawi au turubai huvunja nguvu ya matone. Marundo yote ya udongo na mchanga yawekwe mbali na mitaro, nayo yafunikwe jioni, kabla watu hawajaondoka kazini.

Jambo la tano ni kuyapunguza maji mwendo. Mistari ya mawe, magogo au viroba vilivyojazwa mchanga hupangwa kukingama mteremko. Katika mtaro mkali hujengwa vizuizi vifupi vya mawe, kimoja baada ya kingine. Kanuni yake ni hii: kilele cha kizuizi cha chini kiwe sawasawa na kitako cha kizuizi kilicho juu yake. Ndipo mtaro huwa kama ngazi, na maji hushuka hatua kwa hatua badala ya kukimbia.

Jambo la sita ni kulinasa tope. Mahali maji yatokapo kiwanjani huchimbwa shimo pana, ili maji yatulie humo, na udongo uzame chini. Lakini shimo hilo haliwezi kumaliza kazi yote, na sababu yake huonekana katika chupa. Tieni udongo katika chupa ya maji, mtikise, kisha mwiweke mezani. Mchanga utazama kwa muda wa dakika moja au mbili. Udongo laini utazama kwa muda wa saa nyingi. Lakini chembe za mfinyanzi ni ndogo mno. Hata baada ya siku nzima maji yatakuwa na uchafu bado. Basi shimo hunasa mchanga, lakini mfinyanzi hupita na kwenda zake. Kwa hiyo yafaa zaidi kuuzuia udongo usitoke mahali pake kuliko kuukimbilia baada ya kutoka.

Jambo la saba ni kuirudishia ardhi nguo yake. Ukuta ukifika juu, kazi ya kupanda isingojee rangi wala madirisha. Udongo mweusi uliowekwa kando utandazwe tena, na ukoka upandwe. Katika mteremko yafaa mistari ya mkonge au ya matete. Majani ya vetiva nayo hutumika katika nchi nyingi, maana mizizi yake hushuka chini sana, kama meta 3 hivi, nayo huishika ardhi.

Jambo la nane ni paa. Mabati hayanywi maji hata tone. Paa la meta za mraba 80 likipata mvua ya milimeta 40 hutoa lita 3,200, nayo huanguka katika mstari mmoja chini ya ukingo na kuchimba msingi wa nyumba yenyewe. Maji hayo yakikingwa kwa mfereji wa bati na kutiwa katika tangi, adui huwa mtumishi.

Na mwisho, kila baada ya mvua mjenzi azunguke akague. Jiwe lililoanguka liinuliwe, shimo lililojaa litolewe tope, mfereji uliobomoka utengenezwe siku ile ile. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

5. Kazi za njia na mabomba

Kazi ya nyumba moja ni ndogo. Njia na mabomba hupita katika nchi ndefu, na makosa yake ni marefu vilevile.

Wajengao njia hukata kilima upande mmoja na kujaza bonde upande wa pili. Mahali palipokatwa na mahali palipojazwa pote ni udongo mtupu uliosimama kwa ubavu. Yapasa ubavu huo usiwe wima mno, nao upandwe majani kila sehemu ikimalizika, wala si baada ya njia yote kwisha. Tena maji yatokayo katika kalavati hutoka kwa nguvu nyingi, maana yamekusanywa kutoka mitaro mingi na kupitishwa mdomo mmoja. Pasipotandazwa mawe mdomoni pale, korongo huanza, likala shamba la mtu ambaye hakupata njia wala malipo. Na mashimo ya kuchimba kifusi na changarawe yasiachwe wazi kazi ikiisha; kingo zake zilazwe, na udongo mweusi urudishwe.

Handaki la bomba lina hatari yake. Likichimbwa kushuka mteremko na kuachwa wazi, mvua ikija hulifanya kuwa mto. Dawa yake ni kuchimba sehemu fupi, kulaza bomba, kufukia na kushindilia, kisha kuendelea na sehemu nyingine. Juu ya handaki lililofukiwa huwekwa vizuizi vidogo vya kukingama, ili maji yasifuate mstari wa bomba. Yasipofanyika hayo, udongo huoshwa, bomba hubaki juu likining'inia, na watu waliongojea maji hupata tope.

Kadhalika wafyatua matofali wa vijijini huacha mashimo kando ya mito na mabonde, maana udongo mzuri na maji vyapatikana huko. Mashimo hayo yakichimbwa ukingoni, mto huyafanya kuwa mlango wa kuingilia mashambani. Heri kuchimba mbali na ukingo, na kufukia kabla ya masika.

6. Ziwa hupokea yote

Mto Mara hutoka katika nchi ya Mau huko Kenya, hupita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, kisha huingia ziwani karibu na Musoma. Kabla ya kuingia, maji yake hupita katika kinamasi kipana chenye mafunjo. Humo maji hupungua mwendo, na udongo mwingi huzama. Mwenyezi Mungu ameweka pale shimo la kunasa tope lililo kubwa kuliko lolote liwezalo kuchimbwa na watu. Lakini vijito vidogo na mitaro ya mji haina mafunjo hayo. Tope lake huingia ziwani moja kwa moja.

Ziwa Viktoria ni pana sana, lakini si refu kwa kina; wastani wa kina chake ni kama meta 40 tu, na karibu na pwani ni pafupi zaidi. Sato huchimba viota vyao katika maji hayo mafupi, na tope hufunika viota. Pamoja na udongo huja mbolea yake, nayo huyalisha magugu maji na mimea midogo inayoyafanya maji kuwa ya kijani. Hata furu, samaki wadogo wenye rangi nyingi, hudhurika maji yakikosa kuwa angavu. Majike wa furu huwachagua madume kwa rangi zao. Mwaka 1997 wataalamu waliowachunguza katika Ghuba ya Mwanza walieleza kwamba palipo na maji machafu rangi hazionekani vema, na aina zilizokuwa mbalimbali huchanganyika na kupotea.

Nao watu wa Musoma hunywa maji yatokayo katika ziwa hilo. Ule mfinyanzi uliokataa kuzama chupani hukataa kuzama katika matangi ya kusafishia maji vilevile, mpaka utiwe dawa kama shabu ili chembe zishikamane. Dawa hununuliwa kwa fedha. Basi udongo uliomponyoka mjenzi asiye mwangalifu huwa gharama kwa watu wasiomjua wala kumwona.

7. Sheria, na akili ya wazee

Tanzania inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sheria hiyo yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 toka ufuko wa ziwa au ukingo wa mto. Tena miradi mikubwa, kama njia kuu, hufanyiwa tathmini kabla ya kuanza, ili ijulikane mapema itadhuru nini na madhara yatazuiwaje. Kazi ya kusimamia mambo hayo ni ya chombo cha taifa kilichowekwa kwa habari za mazingira.

Lakini elimu hii haikuanza na sheria. Katika kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe, wazee walijenga kuta za mawe katika miteremko ili udongo wao haba usiende ziwani. Wamatengo wa kusini ya Tanzania hulima ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta, ambayo maji ya mvua hutulia ndani yake badala ya kukimbia. Wazee hao hawakuwa na mashine, lakini walijua kwamba maji yanayotembea huacha udongo, na maji yanayokimbia huuchukua. Mtu ajengaye leo kwa tingatinga na saruji anahitaji maarifa yale yale, tena kwa kuzidi, maana mashine moja hufunua kwa siku moja ardhi ambayo watu ishirini wangeifunua kwa siku nyingi.

Udongo wa unene wa kidole kimoja huchukua mamia ya miaka kufanyika, na mvua ya saa moja yaweza kuuondoa. Nyumba mbaya yaweza kubomolewa na kujengwa tena. Udongo ulioingia ziwani hakuna fundi awezaye kuurudisha. Kwa hiyo kijana atakayekuwa mwashi, au mjenzi wa njia, au mwenye nyumba yake mwenyewe, na akumbuke kuanza na njia ya maji, ndipo achimbe msingi.

Kazi ya mikono

Tengenezeni kipimo cha usawa wa ardhi. Chukueni miti miwili myembamba yenye urefu wa meta 2, mwifunge kileleni, na mwitanue miguu kama herufi A. Fungeni mti mfupi wa kukingama katikati. Toka kileleni ning'inizeni kamba yenye jiwe. Simamisheni kipimo juu ya ardhi, mtie alama mahali kamba ikatapo ule mti wa kukingama. Kisha badilisheni miguu, mguu wa kushoto ukae mahali pa ule wa kuume, mtie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili wekeni alama ya tatu. Kamba ikigusa alama hiyo ya tatu, miguu yote miwili i katika usawa mmoja. Kwa kipimo hiki pimeni mstari wa usawa katika mteremko ulio karibu na shule, mpigilie vijiti, na mpange mawe kufuata vijiti hivyo.

Maswali

1. Kwa nini wakati wa ujenzi una hatari zaidi kwa udongo kuliko wakati wa baada ya ujenzi?
2. Kiwanja kina urefu wa meta 25 na upana wa meta 16. Mvua ya milimeta 30 ikinyesha, kiwanja kitapata lita ngapi za maji? Ni mapipa mangapi ya lita 200?
3. Mtu wa kwanza alisema fedha yake ni ya matofali. Andikeni vitu vyote alivyolipia baadaye. Ni hasara gani ambayo hakuweza kuilipa?
4. Kwa nini shimo la kunasa tope haliwezi kuuzuia mfinyanzi?
5. Nendeni mkatazame mahali pa ujenzi karibu na kwenu. Maji ya mvua yatapita wapi? Nani akaaye chini yake? Andikeni mambo matatu ambayo mwenye kazi angefaa kuyafanya kabla ya masika.

Maneno

Handaki: shimo refu jembamba lililochimbwa ardhini.
Kifusi: udongo na mawe ya kujazia mahali.
Mfinyanzi: udongo wa chembe ndogo sana, wa kufanyia vyungu.
Mwashi: fundi wa kujenga kwa mawe au matofali.
Rasi: nchi iliyochomoza ndani ya maji.
Shabu: dawa ya kufanya uchafu wa maji uzame.